Git kwa Amri au kwa Vitufe: Suala la Bando
Dhana kwamba msanidi programu wa Kileleshwa anayefanya kazi nyumbani kwa bando huokoa data akitumia Git kwa amri za maandishi badala ya programu ya madirisha na vitufe haina msingi, kwa kuwa Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, husafirisha mabadiliko yale yale kwa njia zote mbili. Akiba ya data, inapopatikana, hutokana na upana wa chaguo za amri: anayenakili mradi kama Ushahidi, ulioanza Kenya mwaka 2008 na ambao msimbo wake uko wazi, anaweza kuandika «git clone --depth 1» akapata hali ya sasa ya mradi bila historia yake nzima, chaguo ambalo baadhi ya programu za vitufe hazilionyeshi.

Hata hivyo, kufuatilia jinsi matawi, yaani mikondo sambamba ya kazi, yalivyoachana na kuungana ni jambo ambalo jicho hulifanya vyema zaidi kwa mchoro wa programu ya vitufe, na dharau ya baadhi ya magwiji wa amri kwa wanaobofya ni majivuno tu. Tatizo la vitufe liko kwingine: kitufe cha kusawazisha katika Visual Studio Code, programu ya kuandikia msimbo, huvuta mabadiliko ya wenzake mtumiaji kisha husukuma yake kwa mbofyo mmoja, na mgongano ukitokea, mwanagenzi hatambui ni hatua ipi iliyokwama.