Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, Zanzibar: Mwanangu hajaingia Beit al-Ajaib

Mheshimiwa Waziri,

Nakuja kwenye la Forodhani. Sitokusimulia yaliyotokea Ijumaa ile ya 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ilipoporomoka. Picha umeziona, vumbi umeliona, na mafundi wawili waliofia pale wamekwishazikwa, Mungu awarehemu. Nakuandikia kwa sababu tangu siku hiyo viongozi wanazungumzia hasara ya taifa, nami nina hasara yangu ya nyumbani ambayo sijasikia ikitajwa: mwanangu hajaingia Beit al-Ajaib.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Nimekula kwa jina la jumba lile na ada za skuli nimelipa kwa jina lile. Nilipokuwa bado naingia na watu ndani, maneno yalinitoka yenyewe: hili kalijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, refu kuliko yote Afrika Mashariki kwa wakati wake, humu umeme uliwaka kabla ya kwengineko, na lifti ikapanda watu hawajui lifti ni kitu gani. Nikiwasimamisha mbele ya mlango mkubwa wapapase aya zilizochongwa na kutiwa dhahabu, kisha nawaonesha nguzo za chuma na marumaru za sakafuni. Nimeingiza Wajerumani, nimeingiza Wajapani, nimeingiza mzee mmoja wa Brazil aliyelia kwa sababu ambazo sikuzielewa. Mwanangu, aliyezaliwa si mbali na pale, hajaingia.

Lilipofungwa alikuwa hajaanza kutembea. Ilikuwa 2012, kipande cha nyuma kilipoporomoka. Tukaambiwa tusubiri, tukasubiri. Mwaka 2015 sehemu ya paa nayo ikashuka, tukaambiwa mambo yanashughulikiwa. Nikawa nawasimamisha wageni nje, nawahadithia jumba kwa kunyoosha kidole. Mtoto akianza skuli alikuwa akiniuliza tutaingia lini, namjibu likitengenezwa. Sasa ana akili zake na haulizi tena. Ile methali ya ufa na ukuta sikutajii, maana nyote mmeifanyia mtihani.

Na ufa wenyewe haukuwa siri. Nyumba za mawe zinataka kuangaliwa kila baada ya masika, kila fundi wa chokaa anakwambia hivyo. Jiwe la matumbawe linanywa maji, boriti za mikoko zikikaa na unyevu wa chumvi zinaoza kwa ndani huku nje zikikuchekea, na ukija na saruji ukaipiga juu ya chokaa ndio umeufungia unyevu ukutani uendelee kula. Nilikuwa nikisimama upande wa bustani naona kutu imemenya nguzo kama ganda la muhogo, na kimti kimeota juu ya barza, kijani kibichi, kimenawiri. Kila mpita njia alikiona. Sijui ofisini kwenu madirisha yanaelekea wapi.

Ngoja nikwambie jina lile lina maana gani kwetu sisi watu wa Ng'ambo, kwa kuwa kwenye hotuba nasikia "urithi wa dunia" na "kivutio cha watalii" basi. Bibi yake bibi yangu aliishi upande wa pili wa ile pwani ya Darajani, kwenye vibanda vya udongo na makuti. Maajabu yalikuwa upande wa mawe. Yeye aliyatazama. Alijua taa zinawaka, alijua Sayyid mwenyewe anapanda juu bila ya ngazi, na aliyajua yote hayo kwa nje, kama mtu anavyojua harufu ya biriani ya jirani. Walipoingia Waingereza jumba likawa la maofisa na makarani wao, na wa Ng'ambo akabaki nje vilevile. Bibi yangu mimi ndiye wa kwanza kwetu kupita mlango ule, baada ya 1964, na mpaka anakufa alikuwa akisema "jumba letu". Alikuwa hana hata kiwanja, lakini Beit al-Ajaib lilikuwa lake, kwa sababu alipanda ngazi zake kwa miguu yake. Sayyid alilipa jina kwa kujisifu. Sisi tulilichukua tukalifanya ushahidi kwamba mlango uliokuwa wa wakubwa umefunguka.

Sasa tazama tulipofika, Mheshimiwa. Mwanangu analijua jumba kama bibi yake bibi yangu alivyolijua: kwa nje. Vizazi vyote hivyo, mapinduzi katikati, na tumerudi palepale barabarani kutazama juu. Tena yule bibi angalau alikuwa na la kutazama.

Na jumba lenyewe lilihimili hata mizinga. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm la ubavuni likateketea, mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika, Beit al-Ajaib likabaki limesimama, na mwaka uliofuata likavishwa mnara wa saa. Waingereza walikuwa na haraka. Sisi tulikuwa na subira, na subira yetu imeufikia mpaka huo mnara wa saa.

Najua utaniambia kazi ya kulitengeneza ilikwishaanza, kwa fedha za ndugu zetu wa Oman, na kwamba liliangukia mikononi mwa mafundi. Ndiyo hasa. Mgonjwa aliachwa miaka, akaletewa tabibu roho ikiwa kooni. Kipato changu kimeyumba na corona imeongezea, lakini hayo ni yangu, nitayamudu.

Ninachotaka ni hiki. Ripoti ya uchunguzi itolewe hadharani, yote, kwa Kiswahili, na majina ya waliokuwa wakipokea taarifa za nyufa tangu 2012 yawemo. Tuambiwe kila kitu cha makumbusho yaliyokuwamo humo kiko wapi na kiko katika hali gani, ukianzia na ule mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba, uliokuwa uani. Na siku jumba litakapofunguliwa tena, wa kwanza kuingia wawe watoto wa skuli za Unguja na Pemba, bure, kabla ya mgeni rasmi, kabla ya utepe na kabla ya kamera. Mgeni rasmi ameingia mara nyingi.

Tena usiishie hapo. Pita Shangani, pita Malindi, pita Kiponda, bila msafara, uangalie juu. Kuna familia zinalala chini ya dari zilizoshikiliwa na magogo, wanalipa kodi kila mwezi, na nyumba zao hazina jina la kuwaleta waandishi wa habari. Zikianguka mtasema mvua.

Majibu nayataka kwa maandishi, si kwenye hotuba. Nitambandikia mwanangu ukutani asome mwenyewe tarehe uliyoahidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtembeza wageni, Mji Mkongwe
Januari 2021