Jumuiya Isigeuzwe Daftari la Michango

Chini ya parokia na kigango, katika Kanisa Katoliki la Tanzania, pana jamaa ya nyumba chache zinazopakana, iitwayo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, ambayo watu wake hukutana kila juma, leo kwa huyu na juma lijalo kwa yule, wakasali, wakasoma Injili, wakajuliana hali, na mwisho wakasikia matangazo na kutoa michango. Dai langu ni kuwa mambo matatu ya mwanzo ndiyo roho ya jumuiya, na la nne ni mtumishi wake tu. Na kwamba mahali pengi mtumishi huyu amekwisha kukalia kiti cha bwana, hata muumini akisikia kengele ya jumuiya huwaza fedha kabla ya kuwaza sala.

Huo haukuwa muradi wa walioiasisi. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakaazimia kuwa maisha ya Kanisa yajengwe juu ya makundi madogo ya mahali watu wanapoishi na kufanya kazi, ambamo mtu aweza kumjua mwenziwe kwa hakika. Na mwaka 1976 wakalirudia azimio hilo kwa mkazo. Sababu ilikuwa dhahiri. Mapadre walikuwa wachache na parokia zilikuwa pana, na muumini aliweza kuhudhuria Misa miaka nenda miaka rudi, pasipo mtu wa kulijua jina lake wala msiba wake. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ikalielewa Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu, na jina hilo, katika pwani yetu, lilikuwa limekwisha kuwa kweli zamani. Kwani wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, walijenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, watu waliotengwa na baba, mama na ukoo, ambao hawakuwa na aila ya kuwauguza wala kuwazika ila wale waliosali nao. Kanisa la Tanzania Bara lilianza, basi, na watu wasiokuwa na kitu cha kuchanga.

Tuitazame kwanza elimu ipatikanayo humo. Mkeka umetandikwa uani, meza ndogo imefunikwa kitambaa cheupe, juu yake msalaba, mshumaa na Biblia ambayo jalada lake limeshonwa upya kwa uzi mweusi. Mama mmoja, aliyejifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima, anasoma Injili ya Jumapili ijayo, kidole chake kikifuata mstari, na akikwama kwenye jina la mji wa Wayahudi kijana wa sekondari humnong'oneza, naye huendelea bila tahayari. Kwa njia ya hatua saba, iliyotufikia kutoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, kila mmoja hutaja neno lililomgusa, wote hunyamaza kitambo, kisha husimuliana, na hatimaye huulizana swali lililo zito kuliko yote: neno hili latutuma kufanya nini juma hili? Hapo ndipo watu wasiopata kusimama mbele ya hadhara hujifunza kusema na kusikiliza, kuongoza kikao, kuandika kumbukumbu na kutunza hazina. Na wengi waliochaguliwa baadaye katika halmashauri ya walei, au katika serikali ya mtaa, walianzia hapo. Elimu ya namna hii haina cheti, lakini nchi ingekuwa fukara bila yake.

Msaada ni tunda la elimu hiyo, maana haiwezekani kuulizana kila juma la kufanya, ukapita mlango wa mgonjwa usibishe hodi. Jumuiya iliyo hai hupanga zamu: Jumatatu huyu apeleka uji, Jumanne yule afua nguo na kuchota maji, Jumatano mwingine ampeleka mgonjwa zahanati na kumsubiri kwenye foleni. Pakitokea msiba, kabla ndugu hawajawasili kutoka mikoani, turubai limekwisha kusimama, masufuria yameazimwa, na majirani Waislamu wamekwisha kuketi pamoja na wenzao, kwa kuwa ujirani wa Kiswahili haujapata kuuliza dini ya maiti. Ihsani hii haihitaji bajeti. Yahitaji watu wanaojuana.

Na hapo ndipo daftari la michango linapoleta madhara. Mtu akitaka kubatiza mtoto au kufunga ndoa hutakiwa kuleta barua ya mwenyekiti wa jumuiya, na utaratibu huo, kwa asili yake, una hekima, kwa sababu jirani ndiye ajuaye kama waombaji wako tayari au kama kuna kizuizi. Lakini barua ikitanguliwa na kufunuliwa kwa daftari, na daftari likionyesha deni la ujenzi, la nyumba ya mapadre na la sikukuu ya somo wa parokia, ushahidi wa imani hugeuka kuwa stakabadhi ya malipo. Uchungu huzidi penye kifo, pale wafiwa waambiwapo kuwa marehemu hakuwa mwanajumuiya hai, ilhali miaka yake ya mwisho alikuwa kibarua wa kulinda usiku, au mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Sheria ya Kanisa yenyewe haitoi ruhusa ya kumnyima mtu sakramenti au mazishi kwa sababu ya deni. Kanuni ya 848 ya mkusanyo wa mwaka 1983 yakataza mhudumu wa sakramenti kudai zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka, na yaamuru wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181 yasema vivyo hivyo juu ya mazishi. Kanuni ya 1184 yawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa wasipoonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: waasi wa imani, wazushi na wafarakanishi wanaojulikana, waliochagua kuchomwa moto kwa nia ya kuipinga imani, na wakosefu wa wazi ambao kuzikwa kwao kungewakwaza waumini. Mdaiwa wa mchango hatajwi humo.

Najua jibu litakalotolewa, nalo lina uzito. Parokia haziwezi kuishi kwa misaada ya ng'ambo. Katekista astahili posho, paa lavuja, na kujitegemea ni heshima. Nakubali yote. Lakini atoaye kwa kupenda hutoa miaka yote, na atoaye kwa kuogopa kukosa padre siku ya mazishi hutoa huku moyo wake ukijitenga. Na aliye fukara kabisa, badala ya kuaibika, huacha kuja, na jumuiya humpoteza yuleyule ambaye kwa ajili yake iliundwa.

Dawa haihitaji mkutano mkubwa. Mweka hazina akusanye michango siku nyingine, au sala zikiisha na kila mtu peke yake, wala majina ya wadaiwa yasisomwe mbele ya watu. Asiyefika majuma kadhaa atembelewe kwanza, ndipo aandikwe chochote. Jumuiya iliyozidi uwezo wa uani mwa nyumba moja igawanywe, kwani ukubwa huua kujuana. Mama lishe, walinzi, vibarua na waendesha bodaboda, ambao saa ya jumuiya ndiyo saa ya riziki yao, wawekewe saa nyingine. Na semina za viongozi, ambazo aghalabu hufundisha namna ya kuhesabu, zifundishe pia namna ya kusoma Maandiko na kumsikiliza mwenye huzuni.

Basi halmashauri za parokia zipokeapo taarifa za jumuiya zao, zisiridhike na safu ya fedha. Kila mwenyekiti aulizwe mambo matatu: juma hili mmesoma nini, nani ni mgonjwa, na ni nani hakuja na kwa sababu gani. Ajuaye majibu hayo anaongoza jumuiya, hata kama mfuko wake una sarafu chache. Asiyeyajua, hata akileta fedha nyingi kuliko wote, apewe msaada wa haraka, kwa kuwa kazi aliyokabidhiwa bado hajaianza.