MALI BILA DAFTARI: SISI MAKARANI NA KAMATI ZA SHULE



Hatuandiki maneno haya ili kumhukumu mtu, kwa kuwa aibu iliyomo ni yetu sote. Kila unapoitishwa mkutano wa wazazi wa kuchagua kamati ya shule, sisi tushikao kalamu na leja hatuonekani. Wako waliokwisha kuwapeleka watoto wao katika shule za kulipia, nao wasema haliwahusu. Wako wenye watoto katika shule ya umma, nao wasema kazi ya ofisi imewazuia. Basi kamati huchaguliwa kwa makofi: jina hutajwa kutoka mezani, watu wachache huitikia, na mkutano huisha kabla jua halijawa kali.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa mwaka 1984. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1977, elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa. Watoto walijaa madarasani, walakini mzazi hakuwa na halmashauri aliyoichagua ya kuiuliza habari za paa na vitabu. Kisha ada ilifutwa, na wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 2001 hawakufika milioni 5, walizidi milioni 7 mwaka 2005. Katika mpango wa MMEM, wa 2002 hadi 2006, kamati za shule zilikabidhiwa kazi nzito: kupokea fedha, kupanga matumizi yake, na kusimamia ujenzi. Je, kazi hiyo ni ya kugawiwa kwa makofi?

Tufanye hesabu. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku iliyowekwa kwa mtoto wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Siku za masomo hazifiki 200. Basi kila mtoto alipata kama shilingi 50 kwa siku, za chaki, karatasi, mitihani na matengenezo. Fedha ndogo namna hii haistahimili hata upotevu mdogo.

Wako watakaotujibu kwamba shida ni uchache wa fedha, wala si kamati. Twakubali kwamba kamati njema haiwezi kushika mahali pa fedha, wala hatutaki Serikali imwachie mzazi mzigo wake. Lakini ni nani atakayeonyesha kwamba fedha haitoshi? Kamati yenye daftari safi yaweza kusimama mbele ya halmashauri na kusema: tuliyopokea ni hii, tuliyotumia ni hii, iliyopungua ni hii. Kamati isiyo na daftari huomba tu, na mwombaji hana haki ya kukasirika akinyimwa.

Wengine hunong'ona kwamba mtumishi akihoji sana atapata uhamisho. Hofu hiyo twaijua, hata sisi tunayo. Walakini kuuliza stakabadhi si uasi. Ofisini twaambiwa kila siku kwamba malipo yasiyo na hati si malipo. Iweje kanuni hiyo iwe wajibu wetu saa za kazi, na utovu wa adabu tukiwa wazazi?

Na huyo aliyemwondoa mtoto wake tusimlaumu. Kila mzazi hutafuta lililo jema. Ila ajue ya kuwa mshahara wake hutoka katika kodi ya wale aliowaacha nyuma, na mkulima aliyebaki katika kamati hukabidhiwa leja ambayo hakuna aliyemfundisha kuisoma. Ujuzi huo sisi tunao.

Basi, ndugu, mkutano ujao wa wazazi utakapotangazwa, twendeni. Tutake kura ya siri badala ya makofi. Tukubali kusimama tukitajwa, na tukishindwa tumsaidie aliyeshinda kufunga hesabu zake. Wazee walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ndiyo kazi yetu. Mali hiyo ni watoto wetu.