Nyumba Zijengwe, Lakini Njia Ipite Wapi?

Kwa muda sasa wananchi wa shehia moja iliyo pembezoni mwa mji wa Zanzibar, upande wa kusini, wamo katika mvutano na wasimamizi wa mradi wa nyumba unaokusudiwa kujengwa katika shamba lililo nyuma ya kiambo chao. Shehia yenyewe hatuitaji, kwa kuwa shauri bado liko mbele ya wanaostahiki kuliamua, na sisi si mahakama. Lakini jambo lenyewe si geni katika kisiwa hiki, na tunaona ni wajibu wetu kulisemea kabla matingatinga hayajaingia, kwani likishaingia tingatinga maneno huwa hayana kazi tena.

Kwanza lieleweke wanalolipinga na wasilolipinga. Wananchi hawa hawakukataa nyumba. Wanachokikataa ni njia ya kwendea huko. Ramani ya mradi imeichagua njia yao ya kiambo, ile inayopita baina ya skuli na makaburi, kuwa ndiyo barabara kuu ya kuingilia na kutokea. Hivi leo njia hiyo ni ya vumbi na jiwe, na gari moja ikikutana na gari ya ng'ombe, mmoja wao hana budi kurudi nyuma. Inakusudiwa ipanuliwe, ipitishe malori ya mawe, mchanga na saruji kwa miaka yote ya ujenzi, kisha ibaki kuwa mapito ya kila atakayehamia katika nyumba hizo mpya. Na habari hiyo hawakuipata kwa barua wala kwa mkutano. Waliamka asubuhi moja wakakuta kuta zao zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Haja ya nyumba hatuwezi kuikana. Sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 1,303,569 Unguja na Pemba. Ile ya mwaka 2022 ikatukuta 1,889,773. Karibu nusu ya watu hao wanaishi katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake, mkoa ambao ni kipande kidogo tu cha Unguja. Vijana wanaoa na kubaki katika chumba kimoja cha nyumba ya wazee. Kodi zinapanda. Atakayesema nyumba zisijengwe amsemee pia kijana huyo mahali pa kulala. Na penye nyumba mia kadhaa lazima pawe na barabara. Gari la zimamoto halipiti kichochoroni, wala mgonjwa aliyezidiwa usiku hapaswi kubebwa kwa machela hadi barabara ya lami.

Tena, kwa kuwa tumeahidi kusema kweli kwa pande zote, tuwaambie na wananchi wenyewe lao. Njia ile haikuwa nyembamba hivi tangu hapo. Kila mmoja aliyejenga alisogeza baraza yake hatua moja mbele, mwingine akaongeza kibanda cha biashara, mwingine akauza kiwanja kwa dalali huku akijua kwamba nusu yake ni mapito ya watu. Wanaolalamika leo kwamba barabara itagusa kuta zao, baadhi yao kuta hizo ndizo zilizoigusa barabara kwanza. Hilo halihalalishi kupakwa rangi nyekundu bila ya kuambiwa, lakini ni vyema likakumbukwa siku ya mkutano, ili mazungumzo yasigeuke kuwa ya malaika kwa mashetani.

Hata hivyo, lawama hiyo haiwaangukii wao peke yao. Mji wetu haukukosa ramani. Lanchester alitoa yake mwaka 1923. Kendall akafuata mwaka 1958. Wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wakachora nyingine mwaka 1968. Na Wachina wakatuachia ya kwao mwaka 1982. Kila moja ilionesha wapi barabara zipite mji utakapokua. Ramani zikawekwa makabatini, na ardhi ya barabara ikaachwa bila ya mlinzi wala alama. Mwananchi asiye na kiwanja cha kupimiwa alijenga palipokuwa wazi, na ofisi iliyopaswa kumzuia siku ya jiwe la kwanza ilimwacha hadi akaezeka, akaingiza umeme na akazaa watoto humo. Leo ofisi hiyo hiyo isimwendee kama mvamizi wa jana.

Wazee wetu wa Ng'ambo wanayo mengi ya kusimulia katika jambo hili. Ilipotekelezwa ramani ya mwaka 1968, nyumba za udongo na makuti zilivunjwa, zikapasuliwa barabara mbili pana zinazokutana Michenzani, na kando yake yakasimamishwa yale majumba marefu ya ghorofa ambayo kila mgeni huyauliza. Hatuyasemi hayo kwa kubeza. Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alitaka mtu wa Ng'ambo, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa mtu wa ng'ambo ya pili ya mkondo tu, naye akae katika nyumba ya kudumu yenye umeme na choo ndani, na wako wengi waliozaliwa na kulelewa humo wanaomwombea dua kwa hilo. Lakini ramani ile haikukamilika. Sehemu kubwa ya mitaa iliyotakiwa iondoke ipo hadi leo. Na katika ile iliyoondoka, kilichopotea hakikuwa udongo na makuti. Kilikuwa ujirani: bibi aliyeangalia watoto wa nyumba tatu, msikiti ambao jamaa zake walitawanywa, baraza ambapo mtu aliyefiwa hakuhitaji kutangaza. Vitu hivyo mhandisi hana alama ya kuvichorea, na kwa sababu hana alama yake hudhani havipo.

Basi tukitazama shauri hili la sasa, tunaona mambo mawili ambayo wakuu wa mradi hawajayajibu kwa kuridhisha.

La kwanza ni maji. Njia ya kiambo imelala bondeni. Kila masika maji ya mtaa mzima huteremkia hapo, kisha hujitafutia penyo katika mawe na kupotea. Shamba lililo nyuma, lenye minazi na majani, ndilo linalonywa sehemu kubwa ya mvua hiyo. Likifunikwa kwa paa, saruji na lami, maji yatakwenda wapi? Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Kwa miaka mingi njia ya Mwanakwerekwe iligeuka ziwa kila mvua kubwa inaponyesha, gari zikizimika na watu wakihama nyumba zao, na ilibidi fedha nyingi zitumike baadaye kuchimba mitaro ambayo ingegharimu kidogo tu kama ingetangulia nyumba. Barabara iliyoinuliwa bila ya mtaro huwa ukingo: huweka makavu magari na kuingiza maji majumbani mwa watu.

La pili ni fidia. Katiba yetu ya Zanzibar ya mwaka 1984 inamlinda mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa mujibu wa sheria na kwa malipo ya haki. Ardhi ni ya Serikali, hilo tunalijua tangu baada ya Mapinduzi. Lakini nyumba na miti ni ya mwenyewe. Desturi ya visiwa hivi ni kuhesabu miti: minazi kadhaa, miembe kadhaa, mfenesi mmoja. Hesabu hiyo ni nzuri kwa mwenye shamba. Kwa mwenye kiambo haitoshi. Mama anayeuza maandazi na urojo mbele ya skuli hana mnazi katika njia hiyo, lakini barabara itakapopita kasi mlangoni mwake riziki yake itakwisha. Kisima kinachoteka watu wa nyumba kumi hakina mwenyewe mmoja wa kutia saini. Na makaburi, ambayo kwa mujibu wa ramani yatapunguzwa upande mmoja "kidogo tu", tunauliza: kidogo kwa kipimo cha nani? Ofisa aliyeliandika neno hilo hakuzikiwa mtu hapo.

Tumeambiwa kuwa njia nyingine ipo. Wananchi wenyewe wameionesha: izunguke ukingo wa shamba, iungane na barabara kubwa upande wa pili ambako hakuna nyumba, na kiambo kiachiwe njia yake kwa watoto wa skuli, baiskeli na jeneza. Wakuu wa mradi wanajibu kuwa njia hiyo ni ndefu zaidi, itapita katika maweni magumu, na itaongeza gharama. Huenda ni kweli. Lakini swali letu ni moja: gharama hiyo ikiokolewa, imeokolewa au imehamishwa? Ikiwa mwenye mradi atapunguziwa matumizi kwa sababu mtoto wa skuli atavuka baina ya malori, mama muuza maandazi atafunga biashara yake, na nyumba za bondeni zitaingia maji, basi fedha hizo zimelipwa vile vile. Aliyelipa ndiye aliyebadilika. Nyumba za mradi zitauzwa kwa faida. Hatuoni kwa nini barabara yake isihesabiwe ndani ya bei, kama vile milango na madirisha.

Sheria yetu ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2015 inataka mradi mkubwa wa aina hii ufanyiwe tathmini kwanza, na wananchi watakaoguswa wasikilizwe katika tathmini hiyo. Kusikilizwa si kuarifiwa. Kumwita sheha ofisini na kumwambia "wajuulishe watu wako" ni kumtwika mzigo usio wake: watu humlaumu yeye kwa uamuzi ambao hakuufanya, na Serikali hupoteza imani ya raia wake kwa jambo ambalo mkutano mmoja ungelimaliza. Tunawajua masheha wazuri waliogombana na jamaa zao kwa sababu ya barua waliyopewa waisome tu.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara inayosimamia ardhi na makaazi isimamishe kazi ya njia, si ya nyumba, hadi njia zote mbili zipimwe kwa kipimo kimoja: urefu, gharama, maji, nyumba zitakazovunjwa na hatari kwa watoto. Alama nyekundu zifutwe kwa sasa, kwani hakuna anayeweza kujadiliana kwa utulivu na huku nyumba yake imeshahukumiwa. Wananchi nao wakubali kurudisha nyuma vibanda vilivyoziba njia, ili hata wakishinda shauri lao gari la wagonjwa liweze kuwafikia.

Na mkutano wenyewe ufanywe pale pale skulini, si mjini, baada ya sala ya alasiri, wakati wavuvi wamesharudi na kina mama wamepunguziwa kazi. Mhandisi aje na ramani kubwa ya kubandikwa ukutani, yenye maandishi ya Kiswahili, na penseli ya kuirekebisha.