Garanti ya Dubai haimsaidii mtu wa Butembo

BUTEMBO – Katika maduka ya mji huu, mtu akiuliza kama kamera ina garanti, jibu liko tayari: mwaka mmoja. Muuzaji anaonyesha karatasi iliyotoka ndani ya kartoni, ya Kiingereza au ya Kichina, bila tarehe wala muhuri wala jina la duka. Mnunuzi analipa dola zake. Haambiwi kwamba karatasi ile ni ya nchi ambako kamera iliuzwa kwanza, na mara nyingi nguvu yake inaishia huko.

Njia ya mali hizi inajulikana. Wafanyabiashara wa Butembo wanazifuata Dubai na Guangzhou, nyingi zinapita Mombasa na Uganda mpaka Kasindi. Hilo si kosa, biashara hiyo ndiyo imejenga mji. Lakini makampuni mengi ya kamera yanatoa garanti kwa nchi au eneo fulani tu. Nikon ya Marekani imeandika wazi kwamba haitengenezi kamera iliyoingia huko bila kupitia kwake, hata mwenyewe akitaka kulipa. Ikiwa Mmarekani anarudishwa mlangoni, mpiga picha wa Vulamba atapeleka yake wapi?

Na hapo ni kamera ya kweli. Kwa upande wa bandia, kinachoumiza sana ni vitu vidogo: betri na kadi ya memori. Betri za bandia mara nyingi hazina kinga ya ndani dhidi ya joto kali; zinavimba, zinaweza hata kuwaka. Kadi nayo imeandikwa GB 128 na jina kubwa kama SanDisk, kumbe ndani ni GB 8. Wadanganyifu wamebadilisha programu yake ili kamera isome 128. Picha kama 800 zinaingia vizuri. Zinazofuata zinafuta zingine, au hazihifadhiwi kabisa, na kamera haisemi kitu. Mpiga picha anaendelea kubonyeza mpaka jioni.

Wengine watasema hiyo ni shida ya wapiga picha. Hapana. Familia iliyokimbia vita kutoka Lubero au Beni haikubeba albamu. Picha ya arusi iliyofanyika ukimbizini, ya mtoto aliyezaliwa hapa, ya baba kabla hajazikwa, mara nyingi ndiyo picha pekee waliyobaki nayo, na walichanga franka kwa franka ili ipigwe. Kadi ikifa, hakuna wa kurudisha siku ile. Lawama zote zinamwangukia kijana aliyeshika kamera: anaitwa mwizi, anadaiwa. Muuzaji amekaa dukani, wala hajui kama kuna kilio.

Wauzaji wanajitetea kwamba maskini anataka bei ya chini, basi apate mali ya bei ya chini. Si kweli. Kadi ya GB 8 ikiuzwa kama GB 8, kwa bei yake, ni biashara halali na wengi wangeinunua kwa furaha. Ikiuzwa kama GB 128 ni wizi, hata kama bei imepunguzwa nusu. Kuna wanaosema wao pia walidanganywa kule Guangzhou. Inawezekana. Lakini wao wanamjua aliyewauzia, na mnunuzi wa Butembo anawajua wao tu. Nayo OCC, iliyopewa kazi ya kukagua ubora wa mali zinazoingia nchini, isiishie kwenye kuhesabu makartoni mpakani.

Garanti iandikwe na duka lenyewe: faktire yenye jina la duka, tarehe, namba ya kamera na miezi. Hata miezi mitatu inatosha, ikiwa ni ya kweli. Kadi nayo ijaribiwe kabla pesa haijatoka. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Asiye na kompyuta aweke video kwenye kadi mpaka ijae kabisa, aichomoe, airudishe, kisha afungue za mwisho moja moja. Kadi kubwa inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Mwenye duka ampe mteja kiti angojee.