Heidenheim: Timu ya mji mdogo iliyokataa kumfukuza kocha

Mei 28, 2023, mashabiki wa Hamburg walivamia uwanja wa Sandhausen wakishangilia. Timu yao ilikuwa imeshinda mechi ya mwisho ya msimu, na kwa hesabu za wakati huo ilikuwa inarudi Bundesliga.

Tatizo ni moja tu. Kule Regensburg, mpira ulikuwa bado unachezwa.

Heidenheim, waliokuwa nyuma 2-1, walipata penalti dakika za nyongeza. Jan-Niklas Beste akaweka wavuni, ikawa 2-2. Sare haikuwatosha. Dakika ya tisa ya nyongeza, straika Tim Kleindienst akafunga la tatu. Heidenheim wakapanda wakiwa mabingwa wa ligi daraja la pili, na kule Sandhausen shangwe ikageuka kilio.

Hamburg ni jiji la karibu watu milioni mbili, na klabu yake ilibeba Kombe la Ulaya mwaka 1983. Heidenheim ni mji wa watu takriban 50,000 kusini mwa Ujerumani. Uwanja wao, Voith-Arena, unaingiza watu 15,000. Kwa lugha nyepesi, mji mzima ukigawanywa mara tatu unajaza uwanja na chenji inabaki.

Sasa wamefikaje huko?

Wengi hukimbilia jibu la pesa, maana Ujerumani mfano upo. Hoffenheim inatoka kijiji cha watu wapatao 3,000, lakini nyuma yake amekuwepo bilionea Dietmar Hopp, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya SAP. Heidenheim hawana mtu wa aina hiyo. Wana viwanda vya mjini kwao, kama Voith ambayo jina lake liko kwenye uwanja, na wana wadhamini wa eneo lile. Hiyo inasaidia, ila haimnunui Harry Kane.

Jibu langu mimi ni jina la mtu: Frank Schmidt.

Schmidt alizaliwa hapohapo Heidenheim. Alikuwa beki wa timu hiyo, akastaafu kucheza, na Septemba 2007 akapewa timu kwa muda tu wakati uongozi unatafuta kocha wa kudumu. Timu ilikuwa Oberliga, wakati huo ngazi ya nne ya soka la Ujerumani. Mwaka huohuo idara ya soka ilijitenga na klabu mama ya michezo mingi na kuwa 1. FC Heidenheim 1846. Namba hiyo ya mwisho inakumbusha chama cha mazoezi ya viungo ambako mizizi ya klabu inaanzia.

Kocha wa muda hakuondoka. Mwaka 2008 wakapanda, 2009 wakapanda tena hadi daraja la tatu. Wakakaa huko miaka mitano. Mwaka 2014 wakaingia daraja la pili, wakakaa miaka tisa.

Hapo kwenye kukaa ndipo pa kuangalia. Miaka mitano, kisha tisa! Klabu nyingi zingebadilisha makocha watano au sita katika muda huo. Mwaka 2020 walifika mechi za mchujo za kupanda Bundesliga, wakatoka sare mbili na Werder Bremen, 0-0 na 2-2, na kukosa nafasi kwa sheria ya bao la ugenini. Kwingineko kocha angebeba mzigo huo. Schmidt alibaki, na bosi wa klabu, Holger Sanwald, ambaye naye yupo pale tangu miaka ya 1990, hakuyumba.

Msimu wao wa kwanza Bundesliga, 2023/24, walimaliza nafasi ya nane wakiwa na pointi 42. Aprili 2024 waliifunga Bayern Munich 3-2 baada ya kuwa nyuma 2-0. Wakapata tiketi ya Conference League.

Halafu soko likafungua mdomo. Kleindienst akaenda Borussia Mönchengladbach, Beste akaenda Benfica, na Eren Dinkçi, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Bremen, akatua Freiburg. Watatu hao walikuwa wamefunga mabao 30 kati ya 50 ya timu kwenye ligi. Hebu fikiria, unaingia Ulaya kwa mara ya kwanza huku zaidi ya nusu ya mabao yako imeshafungasha mizigo.

Matokeo yake yalionekana. Chelsea walikwenda Heidenheim Novemba 2024, wakashinda 2-0. Kwenye ligi vipigo vikafuatana, timu ikamaliza ya 16 na pointi 29, ikabidi icheze mchujo wa kubaki.

Wapinzani? Elversberg, kutoka mji mdogo kuliko hata wao. Mechi ya kwanza 2-2. Ya pili, Mei 26, 2025, ilikuwa 1-1 hadi dakika ya tano ya nyongeza, ndipo Mbrazili Léo Scienza akafunga. Heidenheim wakabaki. Na Schmidt, ambaye hakuguswa msimu mzima, alikuwa bado kwenye benchi lilelile.

Kuna wanaosema ule ulikuwa ukaidi uliookolewa na bahati. Sikubaliani nao sana. Timu inayojua kocha wake hafukuzwi kesho haina wa kumsubiri, inabidi ipambane na huyohuyo aliyepo. Lakini subira ina mpaka wake: inamweka kocha, haiwezi kumweka mchezaji. Miezi michache tu baada ya bao lile, Scienza naye aliuzwa. Aliyemchukua ni Southampton, timu iliyokuwa daraja la pili Uingereza.