Hakuna Aliyewapa Shule

Simulizi tunayolishwa kuhusu elimu ya watu weusi kusini mwa Marekani ni fupi na tamu: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, wafadhili wakashuka kutoka Kaskazini na vitabu mikononi, na watumwa wa jana wakafumbuliwa macho. Ni uongo. Wafadhili waliwakuta watu wakisoma tayari, na waliowakuta walikuwa wakilipia masomo hayo kwa senti zao wenyewe.

Tazameni sheria za kabla ya vita. Alabama mwaka 1832 iliweka faini ya dola 250 hadi 500 kwa yeyote atakayemfundisha mtumwa kusoma. South Carolina, Georgia na Virginia nazo zilikuwa na marufuku zao. Serikali haihangaiki kupiga marufuku kitu ambacho hakuna anayekitaka. Wenye mashamba ya pamba walijua vyema kwamba mtumwa mwenye kalamu angejiandikia mwenyewe kibali cha kutoka shambani, halafu asirudi.

Jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, lilipoingia Savannah, Georgia, Desemba 1864, watu weusi wa mji huo hawakungoja mwaliko. Katika muda wa wiki chache walikuwa wameunda chama cha elimu, wamechangishana fedha, na wameajiri walimu weusi watupu. Moja ya shule zao waliifungua ndani ya jengo la Bryan, lililokuwa soko la watumwa. Palepale walipopigiwa watu mnada, watoto wao waliketi wakisoma alfabeti. Wamishenari wa Kaskazini walifanya nini? Walitaka usukani. Waliona haiwezekani mweusi aongoze na mzungu asaidie, na chama kilipoishiwa fedha wakazichukua shule.

Vijijini hali ilikuwa hiyohiyo. Kufikia vuli ya 1866, shule za mchana na za jioni zilizohesabiwa Georgia zilikuwa 123. Kati ya hizo, 96 ziligharimiwa na watu weusi wenyewe, kwa ukamilifu au kwa sehemu, na majengo 57 yalikuwa mali yao. Hawa ni watu ambao miaka miwili kabla hawakumiliki hata miili yao!

Mgala muue na haki yake mpe. Serikali ya Marekani iliunda ofisi ya kuwahudumia walioachwa huru, na ofisi hiyo ilisaidia maelfu ya shule. Wapo walimu wa Kaskazini waliofanya kazi huku wakitishiwa maisha. Lakini waathirika wakuu wa ghasia hizo walikuwa nani? Memphis, Mei 1866, makundi ya wazungu yaliua watu weusi 46 na kuteketeza shule zao 12. Serikali nayo ilichoka mapema: kufikia 1872 ofisi ile ilikuwa imevunjwa.

Jambo linalofichwa zaidi ni hili. Mwaka 1868, South Carolina iliandika katiba mpya katika mkutano ambao wajumbe wake wengi walikuwa weusi, na katiba hiyo ikaamuru shule za umma kwa watoto wote wa jimbo. Kwa hiyo mtoto wa mzungu maskini alifunguliwa mlango wa darasa kwa kura za watu waliokuwa watumwa. Malipo yao yalikuwa nini? Wazungu waliporudi madarakani waliwapora kura, kisha wakachota kodi za weusi kuendeshea shule za weupe.

Ndipo anapotajwa Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago, ambaye mfuko wake ulisaidia kujenga karibu shule 5,000 vijijini hadi 1932. Yeye alitoa takriban dola milioni 4.3. Weusi, wengi wao wakulima wanaogawana mavuno na mwenye shamba, walichanga takriban milioni 4.7, juu ya kodi waliyokwisha kulipa. Walitoa ardhi, walitoa nguvu zao, na masharti yakawataka wakabidhi hatimiliki kwa bodi ya shule ya umma, yaani kwa wazungu walewale. Kijijini Boligee, Alabama, mzee aliyepitia utumwa alisimama kwenye mkutano wa mchango, akatoa mfuko mkuukuu na kumwaga mezani dola 38, akiba ya maisha yake yote. Leo shule hizo zinaitwa kwa jina la tajiri.

Wala msidhani haya hayatuhusu. Thomas Jesse Jones, aliyetokea Hampton, chuo cha Virginia kilichotukuza elimu ya mikono kwa weusi, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1924 akiongoza tume ya kushauri tufundishwe vipi. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes, Kabete nchini Kenya, iliyopewa jina la mfuko uliohudumia shule za weusi vijijini Kusini. Wakikuyu walipochanga wenyewe na kujenga shule huru, pamoja na chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, mkoloni alizifunga mwaka 1952. Mchezo ni uleule: ukijijengea unaitwa mkorofi, ukipewa unadaiwa shukrani.

Basi ninyi mnaotunga vitabu vya historia vya watoto wetu, acheni kuwafundisha kwamba kuna watu walizaliwa kupokea. Andikeni kwamba walioachwa huru walijenga shule zao, walizilipia mara mbili, wakanyang'anywa usimamizi wake. Wafadhili watajeni baadaye, kwa kiasi walichotoa, wala msiwaongezee hata senti moja.